Siku Tulipomwaga Bwawa Kabla ya Mvua

Siku ile tulikuwa saba juu ya tuta la bwawa: mimi niliyekuwa na ufunguo wa lango, wadogo zangu wawili, wa kiume na wa kike, baba mdogo, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya bwawa, bwana shamba, aliyekuja kwa pikipiki kutoka Bungu, mzee mmoja Mmatumbi, ambaye ukoo wake ulishuka kutoka milimani zamani, na bibi mwenye shamba lililo chini ya lango. Nawataja mapema kwa sababu baadaye kijiji kizima kilidai kilikuwepo.

Ufunguo niliurithi kwa marehemu baba. Mama alikuwa ametangulia. Niliacha shule darasa la sita, nikabaki na wadogo zangu na kazi ya kufungulia maji mashamba ya mpunga. Badala ya mshahara kamati ilinipa majaruba mawili ya mpunga, na hayo ndiyo yaliyotulisha.

Asubuhi hiyo bwana shamba alitusomea utabiri kwenye simu yake: mvua kubwa inakuja ukanda wetu, huenda siku ya tatu, na itazidi huko milimani kijito chetu kinakoanzia. Bwawa lilikuwa limejaa pomoni. Lango letu ni dogo. Hata likifunguliwa lote, huchukua siku mbili kushusha maji kwa kimo cha mtu. Mvua kubwa ikishaanza, yanayoingia ni mengi kuliko yanayotoka. Na tuta la udongo likishapitiwa na maji kwa juu, halidumu. Chini yake kuna mashamba, na chini ya mashamba kuna nyumba zetu.

“Tuyamwage leo,” nilisema.

Baba mdogo alinitazama kama niliyetukana. “Umwage maji ya mpunga? Mwaka juzi hapa tulichota tope, umesahau? Jua lote hili, weye unamwaga maji kwa sababu ya simu?”

Mzee Mmatumbi alikuwa mpole zaidi, na maneno yake yaliniuma zaidi. “Wakati wa vita vya Maji Maji babu zetu waliletewa neno kuhusu maji. Wakaliamini, wakasimama mbele ya bunduki za Mjerumani. Babu yangu alirudi na mkono mmoja. Leo miye niamini tena neno kuhusu maji, la kutoka mfukoni mwa bwana shamba?”

Bwana shamba akainamia viatu vyake.

“Mzee wangu,” nilisema, “neno lile hawakupata nafasi ya kulijaribu. Hili nimelijaribu.” Tangu mwaka uliotangulia, kila redio ilipotangaza mvua kubwa nilichora mstari wa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na mvua ilipokuja niliukata kwa mwingine. “Mara nyingi ilikuja. Mara mbili haikuja.”

“Na hii ikiwa ya tatu?” aliuliza baba mdogo.

“Mpunga utakauka, na wangu ukiwemo. Na ufunguo mtaninyang’anya.”

“Tutakunyang’anya kweli.”

Lakini gumu kuliko yote lilikuwa chini ya lango. Mfereji wa kutolea maji ulikuwa umejaa tope la miaka, na sisi watu wa bonde tuna udhaifu mmoja: tukiona tope lililoachwa na maji, hatuoni mfereji, tunaona shamba. Bibi alipanda mpunga humo mbele ya macho yetu sote, na sote tukamsifu. Mpunga wake ndio uliokuwa mzuri kuliko wote, na ndio ambao ungeondoka wa kwanza.

Tukamgeukia sote.

“Mbona mnanitazama kama maiti?” akauliza. “Fungua, mjukuu wangu. Mpunga hupandwa tena. Tuta likibomoka, miye mtanipanda wapi?”

“Bibi, nitakulimia na kukupandia shamba zima upya,” nilisema. “Mimi na hawa wadogo zangu.”

“Nimesikia. Na hawa wote wamesikia.”

Baba mdogo akashusha pumzi. “Kama mwenye mpunga karidhia, mimi nani? Ila usiyamalize. Yakishuka hadi kiunoni, funga.”

Nilifungua kidogo kidogo, maji yasije yakachimba mashamba ya chini. Kufikia adhuhuri mpunga wa bibi ulikuwa umelala wote. Kwa siku mbili jua liliwaka bila huruma. Wasichana kisimani wakaniita Dada Utabiri. “Dada Utabiri, leo tufue au tusifue?” Watu walishuka kwenye tope la bwawa wakaokota kambale, wakawa wananisema huku midomo imejaa samaki. Mdogo wangu wa kike alirudi nyumbani analia kwa dhihaka hizo. Nilimwambia alie, kisha akalete kuni, maana zikilowa hatutapika.

Siku ya tatu asubuhi maji yalifika kiunoni, nikafunga. Baada ya sala ya alasiri, upande wa milimani ukawa mweusi. Mvua ilishuka ikatupiga mpaka kesho yake. Asubuhi tulirudi juu ya tuta, na safari hii tulikuwa wengi. Maji yalikuja mekundu, yakavuta magogo, yakapanda na kupanda. Adhuhuri yakasimama, dhiraa mbili chini ya ukingo. Baba mdogo alishuka mwenyewe akapima kwa mkono wake, kiwiko hadi kidole, mara mbili. Alipopanda juu alikuwa anacheka kama mtoto.

“Yale tuliyoyamwaga yangekuwemo,” alisema, “saa hizi tungekuwa baharini. Huyu ni mlinzi wa bwawa, jamani!”

Vigelegele vilipasuka. Mzee Mmatumbi alinishika bega. “Kaukate mstari wako, binti. Ukate vizuri.”

Tuta lilisimama. Bwawa likabaki na maji ya kutosha, na mwaka ule tulivuna hadi tukakosa magunia.

Bibi hakuvuna. Kamati iliamua mfereji uzibuliwe na asipande mtu humo tena, kwa hiyo shamba nililomwahidi ilibidi tumtafutie pengine, kwenye kipande kilichofunikwa na mitete. Mitete hung’olewa kwa jembe, mzizi kwa mzizi. Msimu uliofuata tulimsafishia na kumpandia nusu. Akaja na fimbo yake, akaupitia mpunga wote bila haraka, akaridhika nao.

“Huku kuzuri,” alisema. Kisha akaelekeza fimbo upande wa pili, mitete ilikosimama mirefu kuliko mtu. “Na kule?”

Kule bado.