Upepo wa Ubavuni

Katika timu ile ya baiskeli, Ramani ndiye aliyepanga nani aongoze, nani ajifiche na nani asajiliwe. Jina hilo lilimganda kwa sababu kila barabara aliisoma kona kwa kona kabla ya mbio. Shemeji yake, mume wa dada yake wa pekee, alikuwa mwendeshaji wa timu hiyohiyo, wakimwita Ukuta. Ukuta hakuwahi kushinda. Kazi yake ilikuwa kutangulia akipasua upepo, ili nyota wa timu afike mlimani akiwa bado na nguvu.

Msimu ulipokwisha, meneja akataka kumsajili chipukizi hodari wa milima. Lazima mmoja atoke.

"Ukuta keshazeeka," meneja alisema. "Mla ni mla leo. Wewe unasemaje?"

Ramani alikuwa akitazama feni. Maneno ya kumtetea alikuwa nayo, ila hayakumpanda mdomoni.

"Atoke," akasema.

Alikwenda kumwambia mwenyewe. Alimkuta uani, anapaka mnyororo mafuta.

"Shemeji, hawakuongezei mkataba."

"Hawakuongezei, au hatukuongezei?"

"Hatukuongezei."

Ukuta akacheka kidogo. "Kweli, asante ya punda mateke. Haya, ingia unywe chai."

Dada mtu akamsogezea kikombe bila kumtazama. Chai ikamuunguza Ramani ulimi, akaimeza hivyohivyo.

Timu pinzani ikamchukua Ukuta. Msimu mpya ulipoanza, wakakutana kwenye mbio kubwa. Ramani alikuwa garini na meneja, redio mkononi. Mpango wake ulikuwa rahisi: wasubiri mlima, kisha chipukizi afyatuke.

Lakini kabla ya mlima palikuwa na uwanda mtupu, na upepo ukaanza kuvuma toka ubavuni. Mtu mmoja akasogea mbele, akainama, akakaza mwendo. Msafara ukakatika vipande viwili: waliojikinga kwake, na walioachwa wapigwe na upepo. Mgongo ule Ramani aliujua. Chipukizi, mwepesi kama unyoya, akabaki kipande cha nyuma.

"Jifiche nyuma ya mtu!" Ramani akamwambia redioni.

"Nyuma ya nani?" chipukizi akajibu, akihema.

Ramani akaishusha redio.

Walipofika mlimani, wale wa kipande cha mbele walishapotea kwenye kona za juu. Nyota wa wapinzani akashinda. Ukuta, kazi yake imekwisha, akamaliza karibu na mkia.

"Hivi nani alimwacha yule mtu aende?" meneja akafoka.

"Mimi na wewe," Ramani akasema. Meneja akageukia dirishani.

Baadaye Ramani akavuka hadi kwenye basi la wapinzani. Ukuta alikuwa ameketi ngazini, uso umekauka chumvi ya jasho.

"Umetumaliza, shemeji."

"Nimefanya kazi tu."

Ramani akajipekua moyoni, atafute walau aibu, au furaha kwa ajili ya shemeji yake. Hakupata kitu.

"Dada yako kapiga simu," Ukuta akasema. "Anauliza kama umekula."

"Mwambie nimekula."

Hakuwa amekula tangu asubuhi, wala hakusikia njaa.