Fundi Aliyetumwa Kukata Mkono

Fundi wa kuchomelea aliyetumwa kuukata mkono wa ile sanamu ya chuma pale soko la Gakoromone hakuanza kazi siku ya kwanza, wala ya pili. Kila mara msichana Kiende alipopita sokoni akitoka shule, alimkuta fundi akiizunguka polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe kabla ya kumnunua. Vidole vyake vilijaa makovu madogo meusi ya cheche, navyo vilifuata kila mshono wa chuma mpaka mwisho. Akifika kwenye ule mkono uliochomoza juu ya njia, aliugonga mara mbili, akatega sikio, akasema, "Kesho."

Hakuna aliyejua sanamu yenyewe ni ya nini. Wauza ndizi walishikilia kuwa ni nguzo za tangi la maji ambalo halikuletwa. "Kesho gani, fundi?" mama mmoja kati yao alimfokea siku ya tatu, ameshika paji la uso lililovimba baada ya kujigonga kwenye ule mkono. "Hiki kitu kitatuua. Kata!" Fundi akavaa miwani, akawasha grinda, mashine yake ya kukatia chuma. Kiende akafumba macho, maana alikuwa ameanza kuupenda ule mkono. Alipoyafumbua, mkono ulikuwa palepale, ila ncha yake imesuguliwa ikawa mviringo kama goti, na fundi alikuwa akiisogeza meza ya yule mama hatua mbili kando.

"Pitia huku, mama."

"Kwani wewe umejua ni nini?"

"Sijui," akasema, akiupapasa mshono. "Lakini aliyeiunga hakuwa na haraka."