Mama Mkwe na Pikipiki Yangu ya Kwanza

Kazi yangu ni kutibu mifugo huku Subukia, na kwa miaka mingi nilifika kwa wagonjwa wangu kwa miguu au nimebebwa na bodaboda. Nilipomwambia mama mkwe kwamba nimeamua kununua pikipiki yangu, aliinuka akaenda zake jikoni. Kaka yake alifia kwenye ajali ya pikipiki karibu na Salgaa, na nyumbani jambo hilo halitajwi ovyo. Nilijua atanikataza. Lakini asubuhi ya kwenda Nakuru nilimkuta mlangoni, amevaa koti lake la kanisani.

"Twende," akasema. "Sitaki uchaguliwe pikipiki na mtu asiyekujua."

Dukani jicho langu lilienda moja kwa moja kwa pikipiki nyekundu, iliyoinuka kama farasi.

"Madam, hii ni yako kabisa," muuzaji akasema.

Nikapanda. Ni vidole vya miguu tu vilivyogusa sakafu, lakini nikajikaza na kutabasamu.

"Kanyaga chini," mama akasema.

"Nimekanyaga, mama."

"Hapana. Kanyaga kama mtu aliyesimama kwake."

Nilipojaribu, pikipiki ikaanza kulala upande, nami nikienda nayo. Mama akaudaka usukani, muuzaji akashika nyuma. Mama hakunicheka. Alinizungusha duka zima, akinikalisha juu ya moja baada ya nyingine, na kila nilipokaa alipanda nyuma yangu, koti na mkoba, apime kama nitaweza kubeba mtu. Wateja walitutazama tu. Tulipofika kwa moja nyeusi, fupi, ya kawaida, nyayo zangu zote mbili zilitua, na uzito wake haukunitikisa.

"Hii," akanong'ona. Mikono yake ilikuwa bado imenikaza kiunoni, ingawa pikipiki ilikuwa imesimama. Ndipo nikaelewa kwamba alikuwa akiogopa tangu tutoke nyumbani, na bado alikuja.

Nilijifunza polepole, nikapata leseni. Mvua zilipoanza, nikaitwa ng'ambo ya bonde kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Matope yalinitupa huku na huku, lakini nilifika mapema, na ndama akatoka hai.

Niliporudi, mama alikuwa jikoni.

"Mama, asante," nikasema, tope limenijaa hadi magotini. Sikuwa nimewahi kumwambia hivyo, si kwa pikipiki wala kwa mengine mengi.

Akanisogezea sahani ya githeri.

"Kula kwanza," akasema. "Halafu uniambie huyo ndama ni dume au jike."