Taa ya Arobaini

Usiku ule Siwema hakuwasha taa. Alikaa kizingitini pa nyumba yake pale Mzenga, kanga kaivuta mpaka miguuni, masikio kayatega njia ya Kisarawe. Mafuta kidogo aliyobakiwa nayo yalikuwa ndani ya kibatari, na kibatari alikipakata kama kifaranga mgonjwa. Aliyatunza kwa kazi moja. Nyumba ya pili, ng'ambo ya ua, mkaza mwanawe Mwanaasha alikuwa na uchungu tangu alasiri. Na Adamu, mume wa Mwanaasha, mwana pekee wa Siwema, alikuwa mikononi mwa serikali kule bomani. Abdala, mtoto wa kaka yake Siwema, ndiye aliyekwenda na baiskeli kusikiliza kesi. Mbwa akibweka, Siwema anasimama. Mbwa akinyamaza, anakaa.

Adamu alikuwa na duka, na duka lenyewe kibanda cha udongo: chumvi, sabuni, viberiti na mafuta ya taa. Zamani watu walinunua mafuta bila kufikiri. Vilipokuja vita vya Wazungu, meli zikawa adimu, bei ikapanda, ikapanda tena, hata watu wakawa wanakula chakula cha usiku jua lingali linawaka. Ndipo siku moja, watu walipotoka sala ya Ijumaa, jumbe wa kijiji akatangaza: serikali imeweka bei ya mafuta ya taa, na atakayezidisha atafungwa.

Siwema alifurahi kuliko watu wote.

"Sasa utapumua, mwanangu," alimwambia Adamu jioni. "Bei imeshakatwa."

Adamu alicheka kwa uchovu. "Imekatwa huku, mama. Kule mjini ninakonunua haijakatwa. Tajiri anaandika bei ya serikali, halafu anataka nyongeza mkononi. Ukikataa, anakwambia mafuta hakuna. Nikiuza kama alivyosema jumbe, kila chupa naila hasara mimi."

"Tangazo ni la watu wote. Tajiri yeye hana masikio?"

"Anayo. Hajapata wa kuyavuta."

Siwema hakuelewa. Kwake bei ya serikali ilikuwa kama mwezi wa Ramadhani: ukishaandama, wamefunga wote, wa mjini na wa shamba. Alidhani mwanawe anatafuta maneno tu.

Adamu akaacha kuuza mafuta. Aliyeuliza aliambiwa yamekwisha. Debe moja alilisukuma uvunguni mwa kitanda, akiba ya mkewe atakapojifungua, kwa sababu mtoto mchanga halazwi gizani. Taa humwakia usiku kucha mpaka arobaini itoke. Siwema aliliona debe hilo. Macho yake hayakuwa yakipitwa na kitu.

Kisha akaja Tatu, jirani yake, kanga imemlegea kwa kuhangaika. "Shoga, binti yangu kajifungua, na nyumba nzima haina tone."

"Na wewe unalia kwangu, duka analo nani?" Siwema alimjibu akicheka, kwa majivuno ya mama mwenye mwana muuza duka. "Nenda kwa Adamu. Mwambie mama kasema lile debe la uvunguni akutolee chupa, kwa bei ya serikali. Akileta ukaidi, mwambie jumbe hayuko mbali!"

Ulikuwa mzaha. Tatu alikwenda, na Adamu alimpa chupa, ila alitaka alipwe bei aliyonunulia mjini, si ya serikali. Tatu alilipa, lakini aliona ameonewa wakati wa shida. Akapita kwa jumbe, akamweleza yote, hata debe la uvunguni. Kesho yake askari waliingia chumbani moja kwa moja, wakainama, wakalivuta debe. Watu walijaa uani. Tatu alipoona Adamu anafungwa mikono, alishika kichwa: "Jamani, mimi sikutaka haya! Mama yake ndiye aliyenielekeza!"

Tangu siku hiyo Mwanaasha hakumwamkia Siwema.

Usiku ule wa kungoja, baiskeli ililia njiani karibu na alfajiri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Abdala aliilaza baiskeli chini kwanza. "Miezi sita. Na debe limechukuliwa."

"Hakuwaambia habari ya yule tajiri?"

"Aliwaambia. Wakamtaka alete shahidi. Nani atamshuhudia tajiri?" Abdala alijifuta jasho. "Wakamwuliza nani mwingine alijua mafuta yalikofichwa. Akasema hakuna. Akasema mama yake hajui lolote."

Siwema alifunga mdomo kwa ncha ya kanga. Hapo ndipo kilio cha mtoto kilipotoka nyumba ya pili, chembamba, na dirisha halikuonyesha hata cheche. Akawasha kibatari. Akavuka ua, mkono mmoja ukikinga moto na upepo.

"Hodi."

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Sikudhani, mama yake Mwanaasha.

"Mimi, Siwema. Nimeleta taa ya mtoto."

Ndani walinong'ona. Kisha akasema Mwanaasha mwenyewe, sauti imemkauka: "Adamu yuko wapi?"

Siwema aliutazama mlango. "Miezi sita, mwanangu."

Mtoto alilia, akanyonyeshwa, akanyamaza.

"Ni mtoto gani?"

"Wa kiume," alisema Sikudhani.

"Basi pokeeni taa tu. Mimi sitaingia."

"Ameshazaliwa gizani, mama," alisema Mwanaasha. "Rudi nayo."

Siwema hakurudi. Alisikia miguu ya Sikudhani ikikaribia, ikasimama nyuma ya ubao wa mlango. Alisikia mkono ukishika komeo. Akainua kibatari juu, ili mlango ukifunguka nuru itangulie kuingia.

Komeo lilisukumwa, likakaza zaidi, na miguu ikarudi kitandani.

Akakiweka kibatari chini, mbele ya ufa wa mlango, akachuchumaa kando kukikinga upepo. Mafuta yaliisha kabla hakujapambazuka.