Cheti cha Udongo Kimenipita Leo

Nna miaka sabini na sita. Nimezika wake wawili na mikarafuu arubaini.

Leo nimekosa cheti cha chuo kikuu.

Kozi ya udongo, ya bure, kwenye simu, yeyote anaingia. Wiki sita nimesikiliza, na udongo naujua kuwashinda walimu wao.

Somo la mwisho mwalimu, kijana tu, akaita majina. "Hamadi, upo? Asojibu hapati cheti."

Nikanyamaza. Hajaniamkia.

Mwanangu Fatma akasema, "Baba, jibu basi, anakufuta."

"Aniamkie kwanza."

Akanifuta.

Msumari wa kukitundikia cheti nshaupiga ukutani. Nautazama tu. Sina hasira, sina lolote.

Nyinyi mngejibu?

Asoamini amuulize Fatma, na jirani Bi Mgeni alokuwa akimenya muhogo pale. Wote wawili waliniamkia asubuhi.