Nihifadhie Hawa Furu

Kwenye mwalo wa Igombe, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhusha samaki, walikuwa wakisema kwamba Teodora angeweza kumkausha hata mgeni aliyesimama vibaya. Walimsingizia, ingawa si sana. Tangu alipovuka kutoka Ukerewe kuja kuolewa, hazikupita siku mbili bila yeye kuchochea kuni chini ya kichanja chake cha samaki. Samaki wa Teodora alifika Shinyanga, akakaa mwezi mzima, na bado akaliwa kwa heshima. Hata viwanda vya minofu vilipokuja vikachukua sangara wote wazima, wanawake wakaachiwa mapanki, yaani kichwa, mfupa na mkia, yeye alinuna siku tatu. Siku ya nne akabanika mapanki.

Binti yake Dorcas, aliyekuwa kidato cha tano, hakuupenda moshi ule. Sare yake ya shule aliifua mara mbili, kisha akaenda kuianika nyumba ya tatu kwa jirani ili isinuke samaki. Teodora aliliona hilo, na lilimuuma. Moshi huo huo ndio uliokuwa ukimsomesha.

Mwaka wa tisini na tano, kituo cha utafiti cha mjini Mwanza kikatangaza mpango wa kuwafundisha utafiti wa sayansi wanafunzi wa sekondari. Nafasi zilikuwa sita tu kwa mkoa mzima. Kukariri hakukusaidia kitu, kwa maana kila mwombaji alitakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe na kuja na ushahidi mbele ya jopo. Dorcas akachagua furu, vile visamaki vya miambani ambavyo sangara alikuwa amekaribia kuvimaliza. Kwa miezi miwili alishinda kwenye mawe ya ziwani na ndoana, leo wawili, kesho mmoja, akiwafuga kwenye pipa la maji ili awapeleke wazima.

Jumatano asubuhi, siku mbili kabla ya jopo, furu wakaanza kuelea tumbo juu.

Dorcas alipiga yowe hadi bata wakakimbia. Hapakuwa na muda wa kuvua wengine. Tumaini lilibaki kwa mwalimu wake wa baiolojia, Mwalimu Sushila, mama wa Kihindi mzaliwa wa Mwanza aliyejua hata Kisukuma cha kugombana. Nyumbani kwake Mabatini alikuwa na chupa ya ile dawa ya kulowekea viumbe wasioze.

"Mama, nihifadhie hawa furu wasioze! Nakwenda kwa mwalimu, kesho asubuhi nimerudi."

"Nenda, mwanangu," alisema Teodora, akikunja mikono ya blauzi. "Hapo umefika kwa mwenyewe."

Na kweli alihifadhi. Dorcas aliporudi Alhamisi, chupa kaikumbatia, aliwakuta furu wake juu ya kichanja, wamejipanga, rangi ya chai ya rangi, wananukia mtaa mzima.

"Mama! Umewabanika!"

"Si umesema nihifadhie?"

"Nihifadhie, mama! Ku-hi-fa-dhi!"

"Na mimi nimefanya nini? Hao hawaozi mpaka Pasaka."

Dorcas akakaa chini kwenye mchanga, akalia. Ndipo Teodora alipoelewa. Mkono wake uliomlisha mtoto huyu sasa ulikuwa umemuunguzia nafasi yake. Akawafunga furu kwa kamba za mgomba, kila jamii na fungu lake, akawapanga kwenye boksi la sabuni. "Ijumaa tunakwenda wote," alisema. "Kosa ni langu, nitawaambia mwenyewe."

Jopo lilikuwa la watu watatu, na mkubwa wao, Dakta Shimba, alikuwa na miwani iliyokaa nchani mwa pua. Boksi lilipofunguliwa, mmoja akakohoa, mwingine akameza mate. Dakta akahesabu mafungu, akatazama daftari la Dorcas, akahesabu tena.

"Daftari linasema aina tisa. Humu naona mafungu kumi na moja. Nani kafunga?"

Dorcas akababaika. Teodora, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasogea.

"Ni mimi, mheshimiwa. Mtoto aliwachanganya. Huyu na huyu wanafanana, lakini ukiwaweka moto mmoja, huyu anaungua, huyu bado mbichi. Mafuta yao si sawa. Halafu tazama midomo. Huyu meno yake ni ya kuparua mawe. Huyu ni ya kuvunja konokono."

Dakta akachukua kioo cha kukuzia. Nyama ilikuwa imenywea kwa moshi, meno yakabaki nje, mtu angeweza kuyahesabu. Alitazama fungu moja, akatazama la pili, akarudi la kwanza. Kisha akawaita wenzake.

"Na hayo mafuta," aliuliza, "umeyajuaje?"

"Onja."

Dakta mzima akaonja. Wa pili naye akataka kuhakikisha, na wa tatu akasema utafiti haukamiliki kwa mashahidi wawili.

Walipomaliza kujifuta vidole, Dakta akashika kalamu, akamgeukia Dorcas.

"Njia ya kuhifadhi?"

"Moshi."

"Aliyehifadhi?"

Angeweza kusema mimi. Nafasi ilikuwa yake na mwombaji alikuwa yeye. Dorcas akanyoosha shingo.

"Mama yangu, Teodora. Na mafungu yale mawili yaliyozidi ni yeye aliyeyatenga, si mimi."

Teodora akafuta macho kwa ncha ya khanga, akasingizia moshi, na humo ndani hata kiberiti hakikuwamo.

Wiki iliyofuata, Mwalimu Sushila akaleta majibu mwenyewe. Dorcas alikuwa wa nne kati ya wale sita. Pamoja na barua kulikuwa na karatasi ya sheria za mpango, na juu kabisa, kwa kalamu ya mkono, mtu alikuwa ameongeza: *Sampuli haziliwi.* Teodora aliposomewa alicheka mpaka akashika mti wa kichanja.

Jioni hiyo Dorcas akafua sare yake, mara moja tu, akaitandaza kwenye kamba iliyopita karibu na kichanja.

"We mtoto," mama yake akamwonya, "itanuka moshi hiyo."

"Sio moshi, mama," Dorcas akajibu, akibana kibanio cha mwisho. "Ni dawa ya kuhifadhi."