Kibuyu Kati ya Magoti Yangu

Reli haikufika kwetu Masisi. Wanaosifu gari la moshi, wasifu. Sisi tulipanda kamyo ya chumvi, juu ya magunia, vijana wane wa Nyamitaba, tukishuka Walikale kumuombea mumoja wetu muke. Ilikuwa mbele ya uhuru, wakati wa wakoloni.

Kati ya magoti yangu kulikuwa kibuyu kikubwa cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kwa wakwe, kibuyu kinapokelewa kikiwa kimejaa mpaka shingoni. Kikipunguka, wajomba wa binti wanakurudisha na njia uliyokuja nayo, na jibu hakuna. Kwa hiyo bwana arusi alikiziba yeye mwenyewe, na kipande cha muti, akakigonga na jiwe. Kwetu kwa baridi, vile njo tunaziba. Lakini naandika wazi: aliziba yeye, si miye.

Barabara ilikuwa ya gari moja tu. Tulingoja kwenye bariere mpaka ngoma ya chini ikalia, kusema hakuna gari inapanda, njo mulinzi akatufungulia. Tukashuka tukiimba nyimbo za kanisa, na zingine ambazo katekista, rafiki yetu wa tatu, alizijua kutushinda.

Kwanza ilikuwa ng'ombe na majani, na ukungu ukitembea chini yetu. Kisha mianzi. Kisha milima ikaisha, pori likatufunika, jua likabaki madoa madoa barabarani, vipepeo vya manjano vikiruka mbele ya magurudumu. Tulivua makoti, tukavua masweta. Tulicheka bila sababu. Sijacheka tena hivyo, na walioniondolea kicheko kile nawajua: tuliketi nao juu ya magunia yale yale.

Joto lile, kibuyu hakikulizoea.

"Kaka, hiki kitu kinapumua," nikamwambia bwana arusi.

"Weye njo unapumua. Shika vizuri."

Kizibo kiliruka, kikaangusha kofia ya katekista. Povu likanijaa kifuani. Nikaziba na mukono, lakini nusu ilikuwa imekwenda.

Kwa wakwe, muzee wa nyumba aliinama juu ya kibuyu.

"Hii iko nusu."

"Huyu njo alikishika," bwana arusi akasema, akinionyesha na kidole. "Mumuulize yeye."

Rafiki wa miaka yote. Wale wengine wawili wakatazama miguu yao. Wajomba walikuwa wamekwisha kusimama.

Shangazi wa binti, mama aliyekuwa akikausha nyama ya pori, akaacha moto wake akaja kuninusa.

"Toa shati, mutoto wangu."

Nikatoa. Akalikamua mu bakuli, akaonja polepole, akampa muzee.

"Nusu iko mu kibuyu, nusu iko mu shati. Yote imefika. Ila hii ya shati iko na chumvi."

Muzee alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba. Wajomba wakaketi. Jibu tukapewa palepale, na nyama, na ndizi, miye nikila kifua wazi kama mukwe mukubwa.

Leo tumebaki wawili tu, miye na bwana arusi. Ana wajukuu, na bado anawaambia kwamba nilikunywa njiani. Shati lile lilifuliwa, alama ya kahawia haikutoka. Nililivaa siku ya arusi yake, makusudi, nikaketi mustari wa mbele.